Mapambo ya Harusi kwa Maua na Mazao ya Msimu: Utemini na Kalenda ya Singida

Kupamba harusi kwa maua na mazao ya msimu ni kutumia kile kinachochanua au kuvunwa karibu na ukumbi katika mwezi uleule wa sherehe. Mpambaji huanzia shambani, bustanini na sokoni. Rangi na umbo hufuata baadaye. Desturi iliyozoeleka mijini ni kinyume chake: bibi harusi na kamati huchagua rangi mbili tatu kwanza, kisha mpambaji hutafuta vitambaa, taa na maua ya plastiki yanayolingana nazo. Ugumu wa kufuata msimu haulingani kila mahali. Lushoto, au miteremko ya Meru, baridi na unyevu huwapa watu maua karibu mwaka mzima. Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, iko kwenye nyanda kame za kati, mwinuko wa takriban mita 1,500, na hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka.

Mvua hiyo kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Kuanzia Mei ardhi hukauka, na Juni na Julai huja na baridi ya usiku pamoja na upepo ambao nguvu yake imeifanya Singida itajwe kwa miaka mingi kila inapozungumzwa mipango ya umeme wa upepo nchini. Kwa hiyo mimea inayochanua kwa wingi huchanua kati ya Januari na Aprili: alizeti, zinia na kosmosi za uani, maua ya porini yanayojitokeza kandokando ya barabara. Mtu anayetazama mashamba ya nje ya mji mwezi Machi angedhani hakuna mkoa wenye utajiri mkubwa zaidi wa maua ya harusi.

Tatizo ni kwamba harusi haziko mwezi Machi. Januari hadi Machi ni miezi ya kulima na kupalilia. Ada za shule zimeshalipwa, ghala linapungua, na kamati ikiitisha michango wakati huo hupata ahadi nyingi kuliko fedha. Juu ya hilo kuna mfungo. Kwaresima huanza Februari au mwanzoni mwa Machi na kuendelea hadi Pasaka, ambayo huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na Wakristo wengi hawafungi ndoa za shangwe katika siku hizo. Waislamu, ambao ni wengi Singida, hawafanyi harusi mwezi wa Ramadhani, na mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2025 na 2026 Ramadhani iliangukia ndani ya Februari na Machi, hivyo alizeti ilichanua wakati nyumba za dini zote mbili ziko kwenye mfungo.

Harusi hufurika baada ya mavuno, kuanzia Juni, na hupanda tena Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa likizo. Hapo alizeti imeshapigwa na kupelekwa kwenye mashine za mafuta, mtama na uwele viko ndani, vitunguu viko sokoni, na fedha iko mifukoni. Jambo hili ndilo linaloamua kila kingine katika mapambo ya Utemini. Msimu wa harusi wa hapa ni msimu wa nafaka, mbegu na matunda makavu, na mpambaji anayetaka kweli kufuata msimu atashika masuke mara nyingi zaidi kuliko petali. Anayeiga picha za harusi za nchi zenye mvua ya mwaka mzima ataishia kuagiza mawaridi ya Arusha, yanayosafiri kwa basi ndani ya maboksi zaidi ya kilomita 300 kupitia Babati, na kufika yakiwa yameanza kuinamisha vichwa.

Mtama ndio nguzo ya mapambo ya aina hii. Suke lililokomaa lina uzito, rangi na umbo vinavyojitosheleza: jeupe lililofungana, kama la aina ya Macia, au jekundu la kahawia lililolegea, kama yalivyo masuke ya mbegu nyingi za asili. Hukatwa na bua lake la urefu wa dhiraa moja, majani huvuliwa, kisha hufungwa kwa mafungu madogo na kutundikwa kichwa chini kivulini, mahali penye hewa. Likianikwa juani hupauka. Likilazwa chini hupinda na kuvutia panya. Uwele hutundikwa vivyo hivyo. Suke lake limenyooka na kubana, na likisimamishwa kati ya mtama uliolegea huupa mpangilio mistari ya wima ambayo maua mengi hayawezi kuitoa. Faida yake kubwa ni kwamba halihitaji maji. Linaweza kupangwa siku mbili kabla ya harusi, likakaa ukumbini bila hofu, jambo ambalo kwa kamati yenye shughuli nyingi ni nafuu isiyo ndogo.

Kitunguu kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni zao la fahari ya mkoa na bado ni nadra kukiona kwenye meza kuu. Soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, huuza kwa wafanyabiashara wa mikoa mingine na hata wa nchi jirani. Kitunguu chekundu cha huko, kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hadi ganda la nje lililochakaa litoke, hung'aa kwa rangi ya zambarau yenye mishipa myembamba inayopanda kutoka kwenye mizizi hadi shingoni. Chini ya taa za ukumbi rangi hiyo hukaribia ile ya divai. Vikipangwa ishirini au thelathini ndani ya ungo, vikubwa chini na vidogo juu, shingo zote zikielekea upande mmoja, huonekana ni kitu kilichokusudiwa. Vikitupwa ovyo, huonekana ni mboga zilizosahauliwa mezani. Kitunguu kizima kilichokauka vizuri hakina harufu inayosumbua. Kinachonuka ni kilichochubuliwa au kilichoanza kuoza, na kimoja cha namna hiyo kinatosha kuharibu ungo mzima, kwa hiyo kila kimoja hubonyezwa shingoni kabla ya kupangwa.

Ua la kitunguu ni habari nyingine. Mkulima anayetunza mbegu huacha baadhi ya vitunguu vitoe mlingoti, na juu yake hutokea tufe jeupe la vijiua vidogo vingi, kubwa kama ngumi ya mtoto. Wauza maua wa Ulaya hulipa vizuri kwa maua ya jamaa wa kitunguu yaliyokuzwa kwa ajili ya urembo tu. Hapa maua ya kitunguu yanapatikana kwenye bustani za mabondeni zinazomwagiliwa wakati wa kiangazi, na hakuna anayeyaulizia. Yakiwekwa kwenye maji yenye klorini kidogo harufu hupungua. Hata hivyo yanafaa zaidi lango la ukumbi na njia ya kuingilia kuliko shada ambalo bibi harusi atalishika karibu na uso siku nzima.

Alizeti, pamoja na kasoro ya kalenda yake, haiwezi kurukwa, maana Singida na alizeti hutajwa pamoja nchi nzima. Kuna njia tatu za kuipata nje ya msimu. Ya kwanza ni kuikausha: kichwa kikikatwa petali zikiwa ndiyo kwanza zimefunguka, kikatundikwa gizani, hubaki na njano iliyofifia kwa miezi kadhaa. Ya pili ni kutumia kichwa kilichokomaa na kupukutisha petali zake, chenye mbegu zilizojipanga kwa mizunguko inayopishana; hiki huonekana vizuri kikilazwa mezani, na kwa macho ya mwandishi huyu kinazidi uzuri wa ua lenyewe. Ya tatu ni kupanda mstari mmoja au miwili ya alizeti ya kumwagilia. Aina zinazolimwa kwa mafuta huchanua kwa wastani siku 60 hadi 70 baada ya kupandwa, hivyo harusi ya katikati ya Septemba huhitaji mbegu iingie ardhini mwanzoni mwa Julai. Na kwa kuwa baridi ya Julai huchelewesha ukuaji, ni busara kupanda awamu mbili zilizopishana kwa wiki moja. Mbegu ya Record, ambayo imezoeleka kwa wakulima, hutoa bua nene na kichwa kizito kinachoinama. Ikipandwa kwa kubanana, mmea hubaki mwembamba na kichwa huwa kidogo, saizi inayokaa kwenye chombo bila kukipindua. Wanandoa wanaofunga ndoa baada ya Pasaka iliyowahi, wakiwa na bahati, hukuta mashamba yaliyopandwa mwishoni bado yana maua, na hapo shamba lenyewe ni ukumbi wa picha. Kichwa kilichofunguka kabisa huelekea mashariki, hivyo picha hupigwa asubuhi, mpigapicha akilipa jua mgongo.

Kati ya Julai na Oktoba maua mabichi ni machache, ila yaliyopo ni ya kutegemewa. Bogonvilia huongoza. Mmea huu huchanua vizuri zaidi unapokosa maji, na nyua nyingi za mji wa Singida huwa na rangi ya zambarau, chungwa na nyeupe wakati kila kitu kingine ni kahawia. Sehemu yenye rangi ni majani membamba kama karatasi yanayozunguka kijiua kidogo cheupe, ndiyo sababu hubaki na rangi hata yakikauka. Tawi lililokatwa hunyauka haraka lisipotunzwa. Dawa yake ni kulizamisha lote, majani na maua, ndani ya beseni la maji kwa saa moja au mbili, kisha kulisimamisha kwenye ndoo usiku kucha. Karibu na maua majani ya kijani huondolewa yote. Mjakaranda huchanua kuelekea mwisho wa kiangazi, na mkrismasi hufuata kwa rangi nyekundu inayofikia harusi za Desemba. Maua ya miti hii miwili hupukutika mapema, kwa hiyo hutumika kutandaza njiani au kuelea kwenye bakuli la maji, na hayafai kabisa kwa shada.

Katika nchi kavu mimea mingi hujilinda kwa utomvu, na mpambaji asiyeijua anaweza kumuumiza mtu siku ya furaha. Minyaa, ambayo ni uzio wa kawaida wa maboma ya Wanyaturu, wenyeji wa Singida, ina vijiti vya kijani vyenye umbo la kuvutia sana kwa mpangaji wa maua. Maziwa yake yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yanaweza kudhuru uwezo wa kuona. Haifai kuingia ukumbini kwa namna yoyote. Waridi la jangwa, mti mfupi wenye shina lililovimba na maua ya pinki yanayotokea kiangazi ukiwa hauna majani, una sumu ambayo Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi hadi ndani ya Wilaya ya Mkalama, huipaka kwenye mishale ya kuwindia. Mti huu hutumika kupamba ukiwa mzima ndani ya chungu chake, mbali na watoto na mbali na chakula, na haukatwi.

Mlingoti mkavu wa mkonge hauna shida hiyo. Mlingoti unaotoka katikati ya mkonge uliozeeka, ukishakauka, ni mrefu kupita nyumba, ni mwepesi kubebeka na mtu mmoja, na matawi yake ya juu yamejipanga kama mikono ya kinara cha mishumaa. Milingoti miwili ikisimikwa kwenye madebe ya mchanga na kuunganishwa juu kwa kamba ya katani, tao la kuingilia linapatikana bila kununua hata kipande cha chuma. Pwani kazi hii hufanywa na makuti mabichi yanayosukwa langoni; Kilimanjaro na Bukoba hufanywa na migomba. Singida haina minazi, na migomba yake ni michache, lakini mkonge haupungui.

Kazi yenyewe ya kupanga maua mabichi ina kanuni chache zinazotokana na jinsi mmea unavyokunywa. Maua hukatwa alfajiri, kabla jua halijanyonya maji ya usiku. Bua hukatwa mshazari kwa kisu kikali na kuingizwa mara moja kwenye ndoo safi, kwa kuwa hewa ikitangulia kwenye mirija ya bua maji hayapandi. Majani yote yatakayokuwa chini ya maji huondolewa, kwani yakioza huzalisha bakteria wanaoziba mirija hiyo. Sukari kidogo huyalisha maua. Maji ya limau, au tone la klorini, huwazuia bakteria. Maji ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, ingawa yako mlangoni, yana chumvi na hayafai kwa ndoo wala kwa bustani. Maji ya bomba ya mji hutoka kwenye visima virefu, na ndiyo yanayotumika.

Kuchanganya matunda na maua kuna mtego mmoja. Embe, papai, ndizi na parachichi vikiiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyaamuru maua kuzeeka na kudondosha petali. Chumba kidogo kilichofungwa, chenye ndoo za maua na tenga la maembe mabivu, kinaweza kuharibu kazi ya siku nzima kwa usiku mmoja. Matunda ya aina hiyo huletwa ukumbini asubuhi ya harusi, yakiwa hayajaiva sana, na huwekwa kwenye vyombo vyake peke yake. Maboga, vitunguu, ndimu, mabuyu na ukwaju havina tatizo hilo kwa kiasi cha kuhofia.

Kuhusu kinachoshika mabua, wapambaji wengi hutumia sponji ya kijani iliyoenea duniani tangu katikati ya miaka ya 1950. Sponji hiyo ni plastiki. Haiozi, humeguka kuwa vumbi dogo linaloingia kwenye maji, na tangu 2023 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza imeizuia kwenye maonyesho yake. Katika mji unaokunywa maji ya visima, na ulio kati ya maziwa mawili yasiyo na njia ya kutokea ambako heroe hutua kula, hoja ya kuiacha ina nguvu zaidi. Waya wa kuku uliokunjwa kuwa mpira na kubanwa ndani ya bakuli hufanya kazi ileile na hutumika harusi baada ya harusi. Mchanga mbichi ndani ya chungu hufaa kwa mabua manene. Kibuyu kilichokatwa juu, chombo ambacho Wanyaturu na Wanyiramba wamehifadhia maziwa kwa vizazi vingi, huwekewa kopo la maji ndani ili kisilowe.

Upepo nao una sheria zake. Sherehe nyingi za Utemini, hasa sendofu, hufanyika uani chini ya maturubai, na mapambo marefu membamba huangushwa kabla ya maharusi kufika. Mpangilio wa kiangazi hupaswa kuwa mfupi na mpana, chombo kiwe kizito, na vitambaa vyepesi vya kuning'inia vipunguzwe. Mawe ya matale yaliyotapakaa mjini humsaidia hapa mpambaji: jiwe tambarare ni uzito na ni pambo kwa wakati mmoja, na kahawia yake yenye vidoa vyeupe inakubaliana na mtama.

Wazo la kuweka mazao mahali pa heshima si la Singida pekee. Constance Spry, mpambaji wa London aliyepamba harusi na majumba ya matajiri tangu miaka ya 1930, alijulikana kwa kuweka majani ya kabichi na matawi ya vichakani kwenye meza ambazo wengine wangeziwekea okidi, na bado ndiye aliyekabidhiwa maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1953. Karibu zaidi kuna Zanzibar, Mombasa na Lamu, ambako maua ya nyumbani hayajawahi kuondoka kwenye harusi. Kikuba cha bibi harusi husukwa kwa asumini, mrehani, vilua, mkadi na waridi, na vikonyo vya asumini huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba ili vifunguke usiku vikiwa mwilini. Mchumaji, msukaji na bibi harusi wako mtaa mmoja. Hilo ndilo la kujifunza kutoka pwani kuliko maua yenyewe: pambo bichi huishi pale ambapo mkulima na mnunuzi wanajuana na ahadi ya siku fulani inaaminika.

Utemini kiungo hicho bado ni dhaifu, na hapo ndipo maua ya plastiki yanaposhinda. Mpambaji wa plastiki hununua mara moja na kukodisha mara nyingi. Kamati humlipa ikijua kitakachofika ni kile kilichoonyeshwa kwenye picha. Ua la shamba haliwezi kutoa uhakika huo bila mipango. Yanayohitajika ni madogo: mpambaji akubaliane na mkulima wa bustani ya bondeni miezi mitatu kabla, alipe sehemu ya gharama mapema, na kila ua linalohitajika lipandiwe zaidi ya kiasi chake. Masuke, vibuyu, nyungo na milingoti ya mkonge, kwa kuwa havinyauki, vinaweza kukusanywa mwezi Juni na kukodishwa hadi Desemba, na kwa njia hiyo mpambaji wa msimu anapata hesabu ileile ya kibiashara aliyonayo mwenzake wa plastiki. Bibi harusi naye akubali kuchagua rangi kutoka kwenye orodha fupi. Mtama mwekundu, kitunguu, bogonvilia na kitenge cha sare vinaweza kuendana vizuri sana, mradi kitenge kinunuliwe baada ya maua kujulikana.

Limebaki suala la chakula. Singida imepitia miaka ya ukame na upungufu, na wazee hawafurahii kuona nafaka ikichezewa. Pingamizi lao ni la haki, na jibu lake liko kwenye namna ya kutumia. Nafaka na mboga za mapambo hazipakwi rangi ya dhahabu, hazipulizwi dawa ya kung'arisha, wala hazichomwi waya. Vitunguu na maboga ya meza kuu huingia jikoni siku inayofuata, au hugawiwa kwa akina mama waliopika. Masuke hukung'utwa juu ya turubai, hukaguliwa kama yameingiwa na wadudu, na nafaka yake hupelekwa kusagwa. Mabua ya zinia na alizeti huwa chakula cha mbuzi, isipokuwa vile vichwa vichache vilivyokomaa ambavyo mbegu zake huwekwa kando kwa ajili ya mvua za Desemba. Kamati inayokutana wiki moja au mbili baadaye kwa ajili ya kuvunja kamati inapaswa kupokea hesabu ya vitu hivi kama inavyopokea hesabu ya vinywaji vilivyobaki.